Kitovu cha Kethia

Kitovu cha Kethia kilianguka siku ya nane, Jumamosi asubuhi, mama yake, Liliane, akimwogesha kwenye beseni jikoni. Liliane alikiokota kwenye taulo, akakifunga ndani ya kipande cha kitenge cha manjano, akakiweka kabatini nyuma ya kopo la chumvi. Mchana walikula ugali na dagaa waliotumwa kutoka Kigoma, kisha Salvator, baba wa mtoto, akalala kidogo kabla ya shifti. Mpaka leo, akikusimulia mambo haya, huanzia hapo kwenye ugali, na ukimwacha atabaki hapo hapo.

Shida ilikuwa udongo. Salvator alizaliwa Makamba, Burundi, na kitovu chake kilizikwa kwenye migomba ya babu yake. Hata baada ya miaka yote ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na saba ya Fort Worth, Texas, alijua kwao ni wapi. Liliane, Mkongo wa Uvira, naye alikuwa na pake. Je, cha Kethia kingezikwa wapi? Walikaa ghorofa ya pili, na nyasi za chini zilikuwa za mwenye nyumba, zikifyekwa kila Alhamisi na watu wasiowajua. Mama yake Salvator, bibi Godelieve, aliyekuwa amerudi Burundi, alituma ujumbe wa sauti kwa simu.

"Salva mwanangu, kiweke tu. Siku utapata kiwanja chako, utakizika mwenyewe. Kitovu hakipitii mkono wa mtu mwingine."

Salvator hakusikia. Tuseme kweli: alisikia, ila alikuwa na Claude.

Claude alikuwa rafiki aliyezidi ndugu. Nyarugusu walilalia mkeka mmoja, wakagawana sahani moja, na Texas wakaingia kazi kwenye ghala moja. Alikuwa amepanga nyumba ndogo Mansfield, mji wa jirani, yenye ua na mti mkubwa wa pekani. Ndiye aliyekuwa parrain wa Kethia, baba yake wa ubatizo. Ndiye aliyemshika mtoto mbele ya padri. Baada ya ubatizo, pale kwenye maegesho ya kanisa, Salvator alimkabidhi kile kitenge.

"Zika chini ya mti ule. Ningekuja mwenyewe, lakini wiki nzima niko overtime."

Claude alipokea kwa mikono miwili. "Ni mtoto wangu pia, Papa Kethia," alisema.

Wakati huo Claude alikuwa ameumia mgongo kazini. Vidonge vilimchosha tumbo, mtu akampa bangi, maumivu yakapungua, na mwishowe akaamua kuipanda mwenyewe ndani ya nyumba. Hakuwahi kupanda hata mchicha. Alinunua hema jeusi refu kama kabati, taa, feni, chungu cha plastiki, na kisanduku cha kuwasha na kuzima taa kwa saa. Taa iliwaka kuanzia saa sita usiku mpaka saa sita mchana, kwa sababu mchana joto la Texas lingelichemsha hema. Kwa hiyo mle ndani usiku uliingia saa sita mchana.

Salvator alipooneshwa alirudi nyuma hatua mbili. "Claude, mimi niko nangoja interview ya uraia. Usinioneshe vitu kama hivi."

"Hata usiogope. Mbegu tatu zimekufa zote. Mkono wangu hauotishi kitu."

Walicheka. Salvator alichungulia uani, akauona mti wa pekani, akaridhika. Hakwenda kuangalia chini yake. Mtu hukagua kazi ya mgeni. Ya ndugu unaiamini tu.

Mbegu ya nne iliota.

Kethia alipofika miezi mitatu, alianza kulala saa sita mchana. Si karibu na saa sita. Saa sita kamili, hata akiwa ananyonya. Aliamka saa sita ya usiku, macho makavu, akitabasamu. Mwanzoni walimtania kwamba ameajiriwa ghalani kama baba yake. Kisha Liliane akajaribu kumwamsha alasiri moja. Alimfuta uso kwa maji. Akamvua nguo. Akamsimamisha. Mtoto alining'inia mikononi mwake, akipumua taratibu, na hakufungua jicho.

Daktari alisema yuko sawa. Wazazi wote wanapenda kuambiwa hivyo, nao wakarudi nyumbani. Lakini kwenye gari Liliane alinusa nywele za mtoto, akanusa tena.

"Papa Kethia, unavuta bangi?"

"Mimi? Unanijua."

"Basi nusa mtoto wako."

Alinusa. Harufu ilikuwa ile ile ya nyumbani kwa Claude.

Baadaye zikaja alama. Mistari myembamba, myekundu, kwenye viganja vyote viwili pale vinapoungana na mkono. Liliane alidhani ni mpira wa mikono ya nguo, akaukata. Alama zikabaki. Jumapili Claude alipokuja kumwona mtoto, Salvator aliona vidole vyake vina mabaki ya uzi wa kijani.

"Nafunga matawi," Claude alisema. "Ukiyavuta chini, mmea unatanuka. Huu wa sasa unanipenda, kaka. Njoo uuone."

Aliitupia jicho mikono ya mtoto mara moja, akageuza uso. Salvator alikumbuka hilo baadaye: Claude alikaa saa nzima na hakumpakata mtoto hata mara moja.

Siku ya kujua ilikuwa Jumanne, asubuhi ya mvua. Saa mbili na dakika kumi Kethia alikuwa macho, akipiga kijiko kwenye meza. Kijiko kikaanguka. Kichwa kikaanguka. Alilala akiwa amekaa, mdomo wazi, uji ukimtoka. Liliane alipiga yowe, Salvator akamlaza sakafuni, akaweka sikio kifuani. Moyo ulikuwa ukipiga. Walimwita, walimtikisa, wakaanza kusali. Salvator alikuwa ameshika simu aite gari la wagonjwa, ndipo mtoto akafumbua macho na kutafuta kijiko chake. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

Simu ile ile ikalia mkononi. Ni Claude.

"Kaka, huko kwenu umeme uko? Hapa kwangu ulikatika dakika arobaini. Nimeogopa mmea utaharibika, na Jumamosi nataka kuvuna."

Salvator alikata simu. Alikaa chini sakafuni, karibu na mtoto. Hakutaka kukijua kile alichokuwa amekwisha kukijua.

Alienda Mansfield siku ile ile. Alipofika ilikuwa saa saba mchana, jua limetoka, watu wanafyeka nyasi zao. Hakugonga mlango. Alizunguka uani mpaka kwenye mti wa pekani, akapiga magoti, akapapasa. Nyasi zilikuwa zimeshikana. Udongo chini yake ulikuwa mgumu, haujawahi kuguswa na jembe. Alizunguka shina lote kwa mikono, mara mbili, akitumaini.

Aliposimama, Claude alikuwa mlangoni.

"Kiko wapi?" Salvator aliuliza.

Claude akatazama chini. "Mbegu zilikuwa zinakufa," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimpigia mzee mmoja wa Uvira. Akasema ardhi ya hapa haitujui, mmea hauna mtu. Akasema uupe mtu."

"Ukaupa mtoto wangu."

"Nilifikiri ni kitu kimekauka tu, kaka. Kipande cha ngozi."

"Ulipoona alama mikononi mwake, ulifikiri nini?"

Claude alificha vidole vyake mfukoni. Hapo ndipo Salvator alipoumia kweli. Kosa la kutojua angelisamehe. Lakini huyu mtu alikuja kwake Jumapili, akala wali wake, akaona, akarudi nyumbani kufunga matawi. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na yeye nguo hiyo aliivaa tangu Nyarugusu.

Salvator alimpita akaingia ndani. Mezani kulikuwa na mkasi mpya wa kuvunia, bado umo kwenye karatasi yake.

Salvator alimpigia Liliane, akaiweka simu kwenye sauti kubwa, mfukoni mwa shati. "Mtoto?"

"Amelala. Saa yake."

"Mwangalie usoni. Usimwache."

Alifungua zipu ya hema.

"Usifungue," Claude alinong'ona. "Ni usiku wake."

Ndani kulikuwa na giza, joto, na harufu nzito. Salvator aliwasha tochi ya mkononi. Mmea ulimfika kifuani. Matawi yalikuwa yamefungwa kwa uzi wa kijani pande zote.

"Ameamka," Liliane alisema mfukoni. "Papa Kethia, amefungua macho."

Alizima tochi.

"Amelala."

Akawasha.

"Ameamka. Unafanya nini huko? Salva, unafanya nini?"

Alizima. Hakuwasha tena. Alipiga magoti gizani, akafungua nyuzi moja moja kwa kupapasa. Kisha akaingiza mkono kwenye chungu.

Udongo ulikuwa na joto. Mizizi ilikuwa mingi. Alipitisha vidole kati yake polepole. Mzizi mmoja ukakatika.

Kwenye simu, mtoto alilia usingizini. Mara moja tu. Kwa ukali.

Alisubiri. Aliendelea. Jasho lilimwingia machoni. Aligusa kitambaa. Alikivuta, kikaja. Kilikuwa chepesi. Kile kipande cha kitenge cha manjano, bado na fundo la Liliane. Alipapasa ndani yake.

Hakukuwa na kitu. Mzizi ulikuwa umeingia upande mmoja na kutokea upande mwingine.

Alirudisha mkono ndani kutafuta. Alifika chini kabisa ya chungu. Hapo, kitu kikamshika kidole.

Kilimshika kwa nguvu ndogo. Kama Kethia anavyomshika kila asubuhi.

Salvator hakuvuta mkono. Yeye mwenyewe husema hajui alikaa vile muda gani. Liliane alikuwa akimwita mfukoni. Kile kitu kilishika, kikaachia, kikashika. Basi akaelewa kwamba kuna kitu kimeliwa na hakitarudi, na kwamba mmea ule haukatwi, haung'olewi wala hauachwi ufe.

Alimnyang'anya Claude kila kitu: hema, taa, feni, kisanduku cha saa. Claude alimsaidia kupakia. Wakati wa kubeba chungu, Salvator aliona tawi moja la chini, upande wa kushoto, limekatwa. Lilikatwa vizuri, kwa mshazari, na kidonda chake kilikuwa kimekauka. Hakulitilia maanani. Kichwa chake kilikuwa barabarani, kwenye polisi, kwenye mmea uliofungwa mkanda kiti cha nyuma pale anapokaa mtoto. Aliendesha mpaka Fort Worth akilia.

Hivyo ndivyo Salvator, ambaye hata sigara hakuwahi kuijaribu, alivyokuwa mkulima wa bangi ndani ya klozeti, kabati la ukutani la chumba chake cha kulala. Hajauza jani wala kuvuta jani. Anaupa taa tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita usiku, kwa sababu ukipata giza jingi unachanua, na ukichanua unazeeka. Amenunua betri kubwa ya kungojea umeme ukatike. Siku ya interview ya uraia ilipofika hakwenda. Pale unainua mkono na kuapa, na yeye ana cha kuficha. Liliane humwagilia na kuufuta majani kwa kitambaa, na akiufuta huimba. Bibi Godelieve hajaambiwa.

Na Kethia alipona. Alinenepa, akaota meno, alama zikafutika. Claude alihama Mansfield bila kuaga; watu walisema yuko Missouri City, kule Houston, ana nyumba kubwa zaidi. Namba yake haipokelewi. Salvator alisema aende zake, alichotaka ni mtoto tu, na mtoto alikuwa naye.

Mwezi uliopita Kethia alianza kutembea. Wiki iliyopita, mchana, alikuwa sebuleni na baba yake, akisukuma kiti cha plastiki na kucheka. Ghafla mkono wake wa kushoto ukaachia kiti. Mkono ule tu. Ulining'inia ubavuni, baridi, vidole vimelegea, na mtoto akaendelea kusukuma kwa mkono mmoja, akicheka vile vile.

Salvator alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kamili.

Alikimbilia klozetini. Taa ilikuwa inawaka. Mmea ulikuwa umesimama, hakuna jani lililolegea. Macho yake yakashuka mpaka lile tawi la chini, lililokatwa kwa mshazari, na akakumbuka alivyosema Claude siku moja wakicheka: kwamba tawi moja likitiwa kwenye glasi ya maji huota mizizi, na mmea hausikii kitu.

Alipiga namba ya Claude. Akapiga tena. Kisha akarudi sebuleni, akampakata binti yake na kuushika ule mkono mdogo. Kwenye kiganja, pale kinapoungana na mkono, palikuwa na mstari mwembamba, mwekundu, mpya. Siku ile Kethia hakuwa ametoka nje, na asubuhi mama yake alikuwa amemwogesha na kumkata kucha.

Chini ya kucha zote tano kulikuwa na udongo mweusi, bado mbichi.