Picha Sitini kwa Sekunde

Mlango wa chuma ulijifunga nyuma ya mpelelezi Sindano, na kioo cha kompyuta kikaanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka dakika thelathini.

Mtego.

Akaupiga bega. Haukutikisika. Chumba hakikuwa na dirisha, na risasi ya bastola yake, Beretta, ingemrudia mwenyewe.

Kupitia spika ya ukutani, Fundi, mkuu wa wauza magendo, alimweleza kwa upole kwamba mlango huo kautengeneza mwenyewe. Ungefunguka hesabu ikiisha, na lori lake la dawa bandia za watoto lingekuwa limeshavuka mpaka.

Sindano alizijua dawa hizo. Mtoto wa dada yake alinyweshwa, na sasa yuko wodini, anapumua kwa mashine. Madaktari walihitaji boksi moja tu wajue ni sumu gani.

Akagusa kidude cha sikioni. "Shangazi, nimefungiwa."

"Polisi watafika baada ya nusu saa," akajibu mkuu wake wa upelelezi, aliyejulikana kwa jina hilo tu. "Lori?"

"Fundi kasema linaondoka baada ya dakika kumi."

"Basi toka."

Rahisi kusema.

Akaigeukia kompyuta. Ukurasa wa mlango ulikuwa wazi kwenye kivinjari, ukidai nywila. Akafungua ukurasa mwingine, akapekua mafaili dakika mbili nzima, akarudi mikono mitupu.

27:40. Pale pale alipoiacha.

Akatulia. Saa gani hii inayosimama ikikosa mtazamaji? Ukurasa ulikuwa unahesabu picha zinazochorwa kwenye kioo, sitini kwa sekunde, na ulipofichwa hakikuchorwa kitu. Fundi, pamoja na majivuno yake yote, alihesabu picha akidhani anahesabu muda.

Na hizo sitini ni kikomo cha kivinjari tu. Kikomo huondolewa, na picha zikija haraka zaidi, hesabu nayo hukimbia.

Ila ilibidi akifunge kivinjari na kukiwasha upya kwa amri maalumu. Hesabu ingeanzia thelathini tena. Akikosea herufi moja, kwisha habari yake.

Akakifunga. Akaandika amri: kisisubiri kioo, kichore kadiri kinavyoweza.

30:00.

Feni ya kompyuta ikanguruma.

24:00. 15:00. Tarakimu hazikusomeka tena.

Klak. Mlango ukafunguka.

Uani, injini ya lori, Scania, ilikuwa inawaka. Dereva aliiona Beretta akainua mikono bila kuombwa. Fundi, mguu mmoja ndani ya lori, akatazama saa yake ya mkononi.

"Bado dakika ishirini na tatu," akanong'ona. "Nilikosea wapi?"

"Utapata muda wa kufikiri," Sindano alisema, akichomoa ufunguo wa lori. "Huko uendako, mlango unafuata saa ya kweli."

Akawafunga kwa nyaya zao wenyewe za kufungia mizigo na kuwalinda mpaka polisi walipoingia getini. Shangazi akaulizia ripoti.

"Kesho."

Akazima kidude, akachukua boksi moja kutoka kwenye lori, akalibana kwapani. Kisha akatoka getini, akishika njia ya hospitali.