Kitabu Kilichobanwa kwa Pini

Kila alasiri, Chiriku alivua sare za shule, akafagia vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani ya shangazi yake, kisha akaketi dirishani na kufungua ubao wa bakgamoni. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kujibu hata kabla swali halijaisha.

Baba alikuwa fundi wa mitambo ya umeme, naye alifanya kazi mbali. Aliporudi nyumbani kwa mapumziko mafupi, walicheza jioni moja: walirusha dadu, wakasogeza kete kwenye pembetatu zilizochorwa ubaoni, kila mmoja akijitahidi kuzitoa zake kwanza. Lakini Chiriku alijua kwamba baba alikuwa akimwachia ashinde. Mchezo ulikwisha upesi, baba akapiga miayo, akaenda kulala. Chiriku alitamani kitu kimoja tu: awe mpinzani wa kweli, ili baba akae naye, afikiri, asahau usingizi.

Kwa hiyo alikitoa kabatini kitabu cha baba cha mbinu za mchezo huo. Kila ukurasa ulikuwa na mchoro wa ubao na swali: utasogeza kete ipi? Jibu lilikuwa nyuma yake. Chiriku alitupia mchoro jicho, akafunua, akasoma jibu, akajiambia kwamba hata yeye angefanya hivyo. Muda si mrefu alikuwa ameyakariri majibu yote, na binamu yake akaanza kumwita Profesa. Hata hivyo, kila gari lililopunguza mwendo nje lilimfanya ainue kichwa, akidhani baba amerudi.

Siku baba alipopiga simu kusema kwamba angefika Jumamosi, shangazi aliacha kushona. Yeye na kaka yake walikuwa wamekua wakicheza kwenye ubao uleule. Akapanga kete kama zilivyo kitabuni, ila moja akaisogeza kando kidogo.

"Haya, Profesa, nionyeshe."

Chiriku alicheza papo hapo, kama ukurasa ulivyosema. Shangazi akarusha dadu, akaipiga kete ya Chiriku iliyoachwa peke yake, nayo ikatolewa ili ianze safari upya. Walirudia kwa mchoro mwingine. Mambo yakawa yale yale.

"Lakini kitabu kinasema hivyo, shangazi."

"Kitabu kinausemea ubao wake. Huu ni mwingine. Hebu niambie, mwanangu, uliwahi kulifikiria swali kabla ya kufunua?"

Chiriku alitaka kusema ndiyo. Kisha akaikumbuka miayo ya baba.

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nafunua kwanza."

Shangazi hakumgombeza. Alichukua kikopo chake cha pini, akayabana majibu yote kwa vipande vya karatasi. Alimwagiza asing'oe pini yoyote kabla ya kumweleza angesogeza kete ipi, na hasa kwa nini, kwa kuwa sababu hakuwa ameikariri.

Kuanzia hapo, ukurasa mmoja uliweza kumaliza alasiri nzima. Chiriku alikosea, akanuna, akaanza upya. Jumamosi ilipofika, sehemu kubwa ya kitabu ilikuwa bado imebanwa, naye aliona kwamba hakuwa tayari.

Baba alifika, akaoga, akaketi mbele ya ubao. Chiriku alirusha dadu, akauinamia ubao bila kugusa kete.

"Vipi, mama, leo umemeza ulimi?"

"Nafikiri, baba."

Hakukimbilia mbele kama zamani. Aliziweka kete mbili pamoja, akamzibia baba njia. Baba akaacha kuegemea kiti. Akashika kidevu. Chai yake ikapoa bila kuguswa.

Chiriku hakushinda. Lakini baba alipoitoa kete yake ya mwisho, hakupiga miayo. Alizipanga zote upya, akamsogezea dadu.

Mapumziko yalipokwisha, baba aliondoka alfajiri. Chiriku aliamka akaikuta nyumba kimya, na juu ya ubao kete zikiwa zimepangwa kwa namna ambayo hakuwahi kuiona. Kando palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa baba: "Zamu yako. Nipigie ukishajua."

Machozi yalimlengalenga. Shangazi alikuja, akautazama ubao, akamshika bega.

"Jibu la kuazima hukuacha palipo pagumu, mwanangu. Ulilolitafuta mwenyewe husafiri nawe. Na swali hili halina nyuma ya ukurasa."

Chiriku alifuta uso, akavuta kiti, akaanza kufikiri.