Maganda ya Kahawa na Vidonge vya Bi Marcelina

Winfrida alikuwa akikaanga samaki aina ya migebuka nje ya nyumba yake, mtaani Rusimbi. Mkono ulikuwa kwenye kikaango, macho mlangoni. Mama yake, Bi Marcelina, alikuwa hajatoka kitandani tangu jana yake.

"Mama, umeamkaje?"

"Moyo unakwenda mbio. Kichwa nacho kinagonga."

Winfrida akainuka, akakaa, akainuka tena. Wiki mbili zilizopita alisikia sokoni kwamba maganda ya kahawa yana antioksidanti, yaani vitu vinavyosaidia mwili usichakae upesi. Kaka yake Castory, mkulima wa kahawa kijijini Kalinzi, akamletea gunia zima. Winfrida akawa anayachemsha na kumnywesha mama vikombe vitatu kwa siku. Vidonge vya mama vya presha akavifungia kabatini.

Samaki wakaanza kuungua. Akaepua kikaango, akakimbia kumwita jirani yake Regina, muuguzi wa zahanati.

Regina akapima presha. Akapima tena. "Mia na themanini na tano! Mama, vidonge unameza?"

"Muulize daktari wangu huyo," Bi Marcelina akasema, akimnyooshea kidole binti yake.

Winfrida akaeleza yote, huku akitembea huku na huku.

"Hebu kaa, unanizungusha kichwa," Regina akamwambia. "Antioksidanti kweli zimo. Ndizi mbichi ukiimenya inakuwaje?"

"Inageuka nyeusi."

"Ukiipaka ndimu?"

"Inachelewa."

"Basi, kazi ya antioksidanti ni hiyo, kuchelewesha uharibifu. Wataalamu wameona hivyo maabara, kwenye chupa. Mama yako si chupa! Haijathibitishwa kwamba zinatibu presha. Tena maganda yana kafeini, ile inayokunyima usingizi ukinywa kahawa. Inaweza kupandisha presha. Gunia liko wapi?"

Winfrida akalifungua. Maganda yalikuwa yameota ukungu wa kijani.

"Castory aliyatoa wapi?"

"Kwenye lundo lake la mbolea."

"Mbolea, Winfrida! Ukungu unaweza kuwa na sumu, na kuchemsha hakuimalizi. Yafukie migombani. Mama, twende zahanati sasa hivi."

Walimwangalia huko hadi jioni. Bi Marcelina akarudi nyumbani, akavichukua vidonge vyake kabatini, na tangu siku hiyo anavitunza mwenyewe. Baada ya mwezi presha ilishuka hadi mia na thelathini.

Siku moja Castory akapiga simu. "Dada, nina maganda mengine. Haya nimeyaosha na kuyaanika kichanjani siku ileile ya kukoboa. Makavu kabisa, hayana ukungu."

"Lete kidogo, nitakunywa mwenyewe. Kama chai tu, si dawa. Mama simpi. Mimi sina presha."

Bi Marcelina akachungulia mlangoni. "Wewe ulipima lini?"

Winfrida hakuwahi kupima hata siku moja.

"Castory, nitakupigia," akasema. Akajifunga kanga, akashika njia ya zahanati.