Mafuta ya Fagio

Nilikuwa uani napepeta ufuta, Mikaeli nimembeba mgongoni, nikaona kitu kwenye ungo. Kidogo, cheupe, kimepinda. Nikadhani ni gamba la samaki. Ufuta wa fagio haukosi uchafu: mchanga, kutu, mavi ya panya, nyuzi za katani. Nikakiokota, nikakitupa kwenye kifuu cha takataka, nikaendelea kupepeta. Jua lilikuwa limeanza kupoa na chungu bado sijakibandika.

"Mama Valeria!"

Mwanaheri hakupiga hodi. Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na tangu tuhamie Rasbura hajawahi kuingia uani kwangu bila kuniuliza kwa utani kama leo sisi watu wa Rutamba tumepika panya wa kuchoma au wa mchuzi. Siku hiyo hakuuliza. Mkononi alishika kubazi moja la ngozi, limelowa mafuta mpaka limekuwa jeusi.

"Wameliokota chini ya sakafu ya ghala, penye mashine," akasema. "La Mfaume."

Mfaume alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Alikuwa kibarua gatini, anashika chepe. Alikuwa ametoweka tangu meli ya kwanza ya msimu, na nyapara Ismaili alimwambia kila aliyeuliza kwamba amefuata mwanamke Mikindani. Mwanaheri alimlaani sana kwa kuondoka bila kuaga.

"Na mwenyewe?" nikauliza.

"Hayupo. Kubazi lipo, chepe lipo. Mwenyewe hayupo." Akalitazama kubazi kama anayelingoja liseme. "Ghala jeupe, Mama Valeria. Limefagiliwa mpaka kwenye pembe. Nani alilifagia?"

Alijua na mimi nilijua.

Tulilifagia sisi.

Nieleze kidogo. Pale Kampuni ya ufuta ilipojenga gati zamani palikuwa mwamba wa kuchokolea pweza na kuokota chaza, na ulikuwa wa wanawake wa Rasbura. Kampuni ilipoutaka, wazee walikubali kwa sharti moja: Kampuni ichukue shehena, Rasbura ichukue fagio. Ufuta wa bara yote ulikuja pale kwa malori na ukamwagwa ghalani bila magunia, lundo refu kama nyumba. Chini ya lundo kulikuwa na parafujo kubwa ya chuma inayozunguka na kuvuta ufuta mpaka kwenye mkanda, na mkanda unaumwaga melini. Meli ikishaondoka, tunaingia sisi na mafagio na nyungo. Kilichobaki sakafuni ni chetu. Tunakipepeta, tunakitwanga, tunakichemsha na kuengua mafuta. Nyumba zote za mtaa wetu zilipikia mafuta ya fagio.

Mwaka ule ulikuwa wa kutawazwa Malkia wa Waingereza. Watoto wa shule waligawiwa vikombe vyenye picha yake, na Kampuni, ili isionekane bahili, ikatupa zawadi ya tabaka lote la chini la lundo. Lilikuwa limegandamana, jeusi, linanata. Meli ilikuwa imelikataa. Tulilikata kwa majembe, tukacheka, tukabeba kwa zamu. Mwanaheri aliimba.

Mafuta yake yalikuwa mazito na matamu. Siwezi kusema vingine. Tulikaangia samaki, tukaunga kisamvu, tukawapaka watoto vichwani. Mume wangu, Rafaeli, alifuta sufuria kwa tonge.

Mwanaheri alipotoka nilikwenda kwenye kifuu. Nikakitafuta kile kitu, nikakiweka kiganjani.

Halikuwa gamba.

Ulikuwa ukucha. Mzima, na ukingo wake una uchafu mweusi wa kazi.

Nilinawa mikono. Nikanawa tena kwa majivu. Ule utamu ulinirudi kooni, nikacheua, na pumzi yangu mwenyewe ikanuka mafuta yaliyolala.

Valeria, binti yangu wa kwanza, alianza kukohoa kwa Magharibi. Alikuwa amelala na mdogo wake Romani kwenye mkeka. Kikohozi kikavu… kifupi… kama mtu aliyepaliwa na vumbi. Nilimpa maji katika kikombe chake cha Malkia. Akanywa, akakohoa tena, akatema humo humo.

Nilisogeza kibatari.

Punje za ufuta. Nyeusi. Zilielea juu ya maji, na nilipozigusa zilikuwa kavu.

Kavu kabisa.

Rafaeli aliingia wakati huo. Kazi yake gatini ilikuwa kuwasha na kuzima mkanda pamoja na ile parafujo. Alikuwa hajavua hata kofia. Valeria aliinua kichwa akamtazama. Sauti ilikuwa yake, ya mtoto wa miaka sita, nyembamba, imepwaya.

"Shemeji," akanong'ona. "Shemeji… zima mkanda."

Kofia ilimdondoka Rafaeli.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita mume wangu shemeji. Mfaume alikuwa akisema mimi ni dada yake aliyeibwa na watu wa bara, kwa hiyo Rafaeli anadaiwa mahari na Waislamu wote wa Rasbura. Alimtania hivyo kila asubuhi getini.

"Zima mkanda," akasema Valeria tena. Halafu Romani, amefumba macho, usingizini: "Zima mkanda."

Nilimpeleka Rafaeli uani, nikamshika kola.

"Sema."

"Sikujua, Mama Valeria."

"Sijakuuliza ulijua nini. Sema ulisikia nini."

Alikaa chini kwenye kinu. "Siku ile… walimpandisha juu ya lundo alisukume, ufuta ulikuwa umegoma kushuka. Mimi nilikuwa kwenye swichi. Nikasikia 'shemeji, zima mkanda'. Mara moja, halafu tena, kwa mbali. Nikajua ananitania. Yule si ananitania kila siku? Nikamuuliza Ismaili, nizime? Akaniambia meli inangoja maji kujaa, ukizima leo kesho usije."

"Hukuzima."

"Sikuzima."

Ufuta si kama mahindi. Mahindi humshika mtu kiunoni. Ufuta huteleza kama maji, na chini yake ile parafujo ilikuwa inazunguka. Sikutaka kufikiri zaidi ya hapo.

Ndipo nikasikia. Nyumba ya Mwanaheri, kikohozi. Nyumba ya pili, kikohozi. Kushuka mtaa mzima mpaka pwani, watoto wanakohoa kikavu… kifupi… na kati ya kikohozi na kikohozi, mnong'ono.

Sikulala. Nilimweka Valeria mapajani na kila pumzi yake ilikwaruza. Kulipopambazuka midomo yake ilikuwa ya kijivu na zile punje hazikupungua. Kila akitema, zilizofuata zilikuwa nyingi zaidi. Daktari wa hospitali alimtazama kooni akasema hakuna kitu. Alinipa dawa ya kikohozi, nikamshukuru. Nilikuwa nimebeba kile kikombe kwenye kanga, sikumwonyesha.

Mwanaheri alinikuta njiani. "Bi Maftaha anatuita," akasema. "Wote tuliokula."

Bi Maftaha alikuwa mwosha maiti. Aliosha wanawake, lakini waosha wanaume walikuwa wameshamkataa Mfaume, kwamba hapana maiti, wataosha nini? Yeye alikuwa ameketi kwenye kibao uani kwa Mwanaheri. Mbele yake ametandika sanda nyeupe juu ya mkeka. Pembeni, pipa la maji ya bahari yanafuka moshi, na harufu kali ya dawa ya mvuje iliniingia mpaka kwenye meno.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Na Mkristo wako?"

"Kafuta sufuria."

Akatikisa kichwa. Hakucheka. "Mfaume hajaoshwa, hajaswaliwa. Hawezi kuoshwa kwa sababu hayupo mahali pamoja. Yumo humu." Akanigusa tumbo kwa kidole. "Na humu, na humu. Anaomba atoke. Mmekula kwa furaha, sasa tapikeni kwa adabu."

Rafaeli aliniinamia sikioni. "Padri akisikia?"

"Padri hakula," nikamwambia.

Mtaa mzima ulipanga mstari. Bi Maftaha alimtazama kila mmoja usoni. Alipofika kwangu alimgusa Mikaeli mguu. Alikuwa na miezi michache tu, hata meno hajaota.

"Huyu je?"

"Hajaonja kitu, Bi. Ananyonya tu."

"Basi mweke pembeni asivute huu moshi."

Nikamlaza barazani.

Sitaeleza yote. Yeyote aliyekunywa maji ya bahari ya moto yenye mvuje anajua, na ambaye hajanywa asitamani. Watu wazima, waungwana, wamepiga magoti kuizunguka sanda kama mbuzi kwenye hori, makamasi na machozi yanawatiririka. Harufu ya nyongo. Sauti za makoo. Mzee mmoja alijisaidia nguoni, na hakuna aliyegeuka. Valeria nilimshika paji la uso, nikamtia kidole mwenyewe.

Na kilichotoka… si chakula.

Ufuta. Kwa kila mtu, ufuta. Mweusi, mzima, mkavu kama uliokaushwa juani, unamwagika juu ya sanda kwa mlio ule ule wa ghalani. Shhhh. Nilipotapika mimi niliuhisi ukinikwaruza ulimi, ukipita, ukipita, zaidi ya tumbo langu linavyoweza kubeba.

Wa mwisho alikuwa Rafaeli. Yeye hakuhitaji kidole.

Valeria alivuta pumzi moja ndefu, safi. Akasema ana njaa. Nililia kidogo, nikajifuta, kwa sababu kulikuwa na kazi.

Nilifungua pindo la kanga nikautoa ule ukucha. Bi Maftaha aliupokea, akauweka kwenye lundo upande wa kulia, mahali pa mkono. Akanyunyiza maji mara tatu. Akafunika sanda, akaanza kuifunga, na mikono yake ilipita juu ya kitambaa polepole, kama ya mtu anayemtafuta mwenzake gizani.

"Kichwa," akanong'ona. "Bega. Bega. Kifua…"

Sisi sote tuliona. Zilikuwa punje tu, lakini chini ya mikono yake sanda ilikuwa na magoti.

Akarudi juu. Akabonyeza pale penye taya. Akabonyeza tena. Uso wake ukabadilika.

"Nani hajaja?"

Mwanaheri alitaja nyumba moja moja. Wote wamekuja. Ismaili je? Ismaili hakupikia mafuta ya fagio, na isitoshe alikuwa ameondoka na lori la asubuhi, hakuna aliyejua kwenda wapi.

"Mdomo mtupu," akasema Bi Maftaha. "Hana ulimi."

Wazee walingoja mpaka jua likawa karibu kuzama. Hakuna aliyejitokeza. Wakasema maiti hacheleweshwi zaidi ya hapo. Wanaume wanne waliinua jeneza, na niliona mabega yao yakilegea. Ufuta usiojaza debe mbili, na walikuwa wanapumua kama waliobeba mwanamume mzima wa chepe. Mwanaheri alisimama mlangoni na lile kubazi.

Nilimchukua Mikaeli barazani, nikarudi kwangu. Nilimwaga mafuta yote chooni, nikavunja mtungi wake, nikasugua sufuria kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka. Gatini king'ora kililia. Tarishi alipita akitangaza kwamba Kampuni inatoa pole, na kwamba kazi itaendelea Jumatatu na wanawake wanakaribishwa kwenye fagio kama kawaida. Nilisikia mwanamke wa nyumba ya pili akimuuliza, kwa sauti ya chini, saa ngapi.

Nikapika ugali na mlenda. Bila mafuta. Chumvi tu.

Nikatandika mkeka, nikapakua. Rafaeli huyu hapa, amenawa, macho mekundu. Valeria huyu hapa, ameshaingiza kidole kwenye mboga kabla ya baba yake, na sikumgombeza. Romani huyu hapa. Mikaeli mapajani mwangu, ananyonya. Niliwahesabu kwa macho kama nifanyavyo kila jioni, na kila mtu alikuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu jana kifua changu kilishuka.

Mikaeli aliachia ziwa.

Alikohoa. Kikavu. Kifupi.

Nilimfuta mdomo kwa kidole. Juu ya ufizi, penye maziwa, palikuwa na punje moja nyeusi. Niliisugua kati ya vidole.

Kavu.

Hakulia. Aligeuza shingo polepole, shingo ambayo juzi tu ilikuwa haijakaza, akamtafuta baba yake, akamtazama. Akavuta pumzi ya mtu mzima. Midomo yake midogo ikajivuta mbele.

"She…"

Rafaeli alisimamisha tonge hewani.

Nilimrudishia mwanangu ziwa mdomoni, nikamshika kisogo, nikambana hapo.

"Kuleni," nikasema. "Chakula kinapoa."