Vipimo vya Mjomba Tingatinga

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mama hajatia uzi kwenye cherehani, mimi hupanda juu ya kiti na kumpima mjomba. Hiyo ni kazi yangu na simwachii mtu. Mjomba ni mdogo wake mama, fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa ukubwa wa mwili wake mtaa mzima unamwita Tingatinga. Nikimaliza kuzungusha futi kwenye mkono wake, huchungulia dirishani na kutangaza kipimo kwa sauti, na watu wa karakana ya ng'ambo ya barabara hupiga makofi. Ndiyo maana wameniita Futi.

Naringa? Ndiyo, naringa! Mwenye mjomba kama huyo asiporinga, aringe nani?

Mama ni fundi cherehani, na ana desturi moja inayowachosha wateja. Hamkabidhi mtu nguo kabla ya kuigeuza ndani nje mbele yake na kupitisha kidole kwenye kila mshono. Mteja awe na haraka ya namna gani, atasubiri.

"Nje kila mtu anajua kupendeza," husema. "Fundi hujulikana kwa ndani."

Jumamosi moja ilikuwa imebaki wiki tu kabla ya mashindano ya watunisha misuli. Mama alikuwa anamshonea mjomba kaptura fupi ya kupandia jukwaani, ya kitambaa cha dhahabu kinachowaka hata gizani. Mimi nilikuwa nimeshalitangazia darasa zima kwamba kombe linakuja nyumbani kwetu. Nilianza kupima kama kawaida: kifua kile kile, mikono ile ile. Kisha nikashuka kwenye miguu.

"Mjomba! Miguu imeongezeka sana!"

"Umeona?" akasema huku akicheka. "Na wiki hii nzima sikuifanyia mazoezi. Inakua yenyewe!"

Nilikuwa tayari naelekea dirishani. Lakini nilipoondoa kidole gumba kwenye mguu wake, niliona kimeacha shimo. Nikabonyeza mahali pengine. Shimo la pili likabaki pale pale, kama nimebonyeza unga uliokandwa. Mkono wake niliwahi kuubonyeza mara nyingi, na ulikuwa mgumu kama ukuta. Misuli gani hii inayobonyea?

"Mjomba, mbona kidole changu kinaacha shimo?"

Akaikunjua haraka suruali aliyokuwa ameipandisha hadi magotini. "Aa, hizo ni soksi tu."

"Soksi zipi, mjomba? Umevaa kandambili."

Hakucheka. Hapo nikakumbuka mambo ambayo sote tuliyaona tukayapuuza. Siku hizi alikuwa akikaa katikati ya ngazi kuvuta pumzi kabla ya kufika chumbani kwake, hapo juu kwetu anapoishi. Tena alilala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akilala chali anakosa hewa. Tulisema ni uchovu wa mazoezi.

Alinisogelea, akanong'ona. "Futi, nisikilize. Kuna sindano huwa nachoma, na vidonge. Ni homoni za kukuza misuli, nimetumia miaka sasa. Zinavuta maji kidogo mwilini, basi. Usimwambie mama yako. Acha mashindano yapite."

"Daktari ndiye aliyekupa?"

Akakohoa. "Ni jamaa mmoja wa jimu."

Nilimshika mkono nikasikia mapigo yake. Yalikimbia, yakaruka, yakasita, yakakimbia tena. Niliogopa. Nilitaka sana ashinde, jamani, nilitaka kuliko hata yeye! Lakini nilitaka zaidi awepo Jumamosi nyingine ili nimpime.

"Mjomba," nikasema, "mama hatoi shati kwa mteja bila kuligeuza. Mimi nitakutoaje wewe?" Kisha nikaita kwa sauti yangu yote, "Mama! Njoo uone mguu wa mjomba!"

"Umeniangusha, mpwa wangu," akasema, akageuza uso. Maneno hayo yaliniuma mpaka nikalia, lakini sikuyafuta yangu.

Mama alikuja na uzi mdomoni. Alibonyeza mguu mara moja. Akaitazama kaptura ya dhahabu, akaiweka kando.

"Vaa shati. Twende hospitali."

"Dada, lakini mashindano..."

"Sikukuuliza. Nimekwambia."

Tingatinga mzima akainuka kama mtoto wa chekechea.

Hospitalini daktari, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimpima damu na mkojo, kisha akatuonyesha moyo wa mjomba ukidunda kwenye skrini.

"Moyo nao ni msuli," alisema. "Dawa ulizochoma hazikujua kuchagua mkono na kuuacha moyo. Kuta zake zimenenepa."

"Moyo ukinenepa si ndiyo nguvu?" mjomba akauliza.

"Hapana, ndugu yangu. Kuta zikinenepa na kukakamaa, nafasi ya damu hupungua na moyo hushindwa kusukuma vizuri. Maji yanabaki miguuni na mapafuni, ndiyo maana huwezi kulala chali. Shinikizo la damu liko juu. Ini limechoshwa na vidonge hivyo, na figo zimeanza kupitisha vitu ambavyo zingepaswa kuvizuia. Ungepanda jukwaani na kukaza mwili mzima, huenda ungeshushwa kwa machela." Akavua miwani. "Nani aliyeona miguu?"

Mama akaniwekea mkono begani. "Binti yangu."

"Basi binti yako amempa mjomba wake nafasi ya kutibiwa."

Siku ya mashindano mjomba alikuwa wodini. Nilimpelekea uji, nikakaa mbali kidogo kwa sababu sikujua kama bado ana hasira. Akaniita nisogee.

"Wewe mtoto, ulinitangaza."

"Nimezoea kutangaza, mjomba."

Akacheka mpaka muuguzi akamkemea. Kisha macho yake yakajaa machozi, akanishika mkono.

Miezi ikapita. Daktari alisema moyo wake haujarudi kama zamani na atameza dawa kwa muda mrefu, lakini aliruhusiwa kutembea na kufanya mazoezi mepesi. Kitu cha kwanza alichofanya alipopata nguvu ni kwenda jimu, kusimama mbele ya vijana waliomwonea fahari, na kuwaeleza kwa mdomo wake mwenyewe alichojichoma na kilichompata. Nilikuwepo. Sijawahi kumwona mkubwa kama siku ile.

Jumamosi iliyopita nilimpima tena. Mkono umepungua sana, na fundi mmoja wa karakana akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Tingatinga amekuwa baiskeli!"

"Baiskeli inafika, bwana!" mjomba akajibu. "Tena haitoi moshi!"

Nikabonyeza mguu wake, nikaondoa kidole. Hapakuwa na shimo. Nikakimbilia dirishani.

"Mkono umepungua!" nikatangaza. "Mguu haubonyei! Na leo amepanda ngazi zote bila kukaa!"

Walipiga makofi mpaka mama akaacha kushona. Kwenye cherehani yake kulikuwa na kitambaa kinachong'aa. Alikuwa ameifumua ile kaptura ya dhahabu, akanishonea kifuko cha kuwekea futi yangu.

"Mwanangu," akasema, "mwili ni kama nguo. Watu watausifu kwa nje, lakini unaokubeba ni ule wa ndani, na sifa haziutibu. Wanaokupigia makofi ni wengi. Anayekupenda ni yule anayekuambia mshono umefumuka kabla hujatoka mlangoni, hata kama utamkasirikia. Wewe ulimwambia mjomba wako. Najivunia wewe."

Nilinyoosha mkono nichukue kifuko. Mama akakirudisha kwake kwanza, akakigeuza ndani nje, ndipo akanipa.

"Pitisha kidole," akasema.

Nikapitisha kwenye kila mshono, polepole, mjomba akinitazama.