Doa la Tatu

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa nane, saa nne na robo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika kwa mkono wangu kwenye kadi ya mgonjwa. Mume wangu alikuwa tabibu wa masikio, pua na koo, na mimi nilikuwa mwandikishaji wake. Mgonjwa alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, tumbo moja. Miezi mitano kichwa kilikuwa kinamuuma na pua ya kushoto imeziba. Dawa alizitumia zote.

Wifi hakunipenda. Nami sitasema uongo mbele za Mungu: sikumpenda.

"Mwambie mkeo aje anishike kichwa," alimwambia kaka yake. "Au ananiona uchafu?"

"Kichwa hakidondoki, dada," mume wangu akacheka. "Kaa vizuri."

Sikuondoka mezani kwangu.

Mume wangu alikuwa na kipimo chake rahisi. Huchukua kipande cha chuma kinachong'aa, hukichovya kwenye maji baridi, hukikausha, kisha hukishika chini ya pua. Mgonjwa akipumua, mvuke huacha madoa mawili. Tundu lililoziba huacha doa dogo.

La kulia lilitokea kubwa. La kushoto, kama punje. Kisha pembeni kabisa ya chuma, mbali na uso wa wifi, likatokea la tatu.

Mume wangu akafuta. Akarudia. Madoa matatu.

"Bana pumzi, dada."

Wifi akabana. Mawili yakafutika. La tatu likawa linakuja na kupotea, linakuja na kupotea, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Nilianza kuomba kimoyomoyo. Mume wangu alinitupia jicho. Habari za uchawi zilikuwa zinamkera.

"Ni upepo wa dirishani," alisema.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Ili atutoe wasiwasi, alikiweka kile chuma chini ya pua yake mwenyewe. Akavuta pumzi ndefu.

Madoa matatu.

Akampima tena dada yake. Mawili, makubwa, sawasawa. Wifi akasimama, akavuta hewa kwa pua zote mbili, akafumba macho kwa raha. Alipofika mlangoni aliniinamia na kuninong'oneza.

"Nilitaka umpokee wewe. Hukusogea."

Jumatano mume wangu aliamka na kichwa kizito, sauti imekauka. Alhamisi asubuhi mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Hakutaka kioo. Aliniketisha mbele yake, hatua tatu mbali.

"Niangalie wewe. Nikikunja paji la uso, linakunjamana pande zote mbili?"

"Zote mbili."

Alianza kuvaa viatu.

"Basi si mshipa wa uso. Ni ubongo. Twende hospitali kubwa."

Njiani alikaa akinipa kisogo. Nilipotaka kumfuta mate, alinisukuma kwa nguvu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hakuwahi kunisukuma.

"Usipumue karibu yangu," alisema.

Walimpiga picha ya kichwa. Safi. Walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo. Safi. Daktari alikuwa anaziangalia karatasi kama mtu aliyetukanwa.

Alifariki Ijumaa, saa sita na dakika kumi mchana. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hata siku hiyo alikataa nisogee.

Shemeji yangu alipokwenda kuchukua vyeti, alipewa pia, kwa bahati mbaya, karatasi ya wodi, ile wanayojaza kila baada ya nusu saa. Saa sita na nusu: mapigo ya moyo, hakuna. Pumzi kwa dakika, kumi na nane. Saa saba: mapigo, hakuna. Pumzi, kumi na nane. Saa saba na nusu, vilevile.

Nilimtafuta muuguzi aliyeandika. Aliongea akiangalia sakafu.

"Mama, niliandika nilichokiona. Moyo ulikuwa umesimama. Kifua hakikusimama."

Tulimzika siku hiyohiyo, saa kumi jioni.

Ee Mungu, mpokee mume wangu. Alitibu watu kwa haki na hakumdhuru mtu. Msamehe dhambi zake, ulipanue kaburi lake. Na humo ulimomlaza, Bwana wangu, mjalie awe peke yake. Amina.