Mwendo wa Maganga

Treni ya kutoka Mwanza iliingia Shinyanga saa nne asubuhi, na kabla haijasimama sawasawa stesheni ilikuwa imekwisha geuka soko. Wachukuzi, wauza karanga, kuku waliofungwa miguu, wake waliokuja kupokea waume. Ilikuwa mwaka wa thelathini na sita. Zuleha alisimama na sinia la vitumbua, kajifunga kanga mpya ya manjano, hamtazamii mtu yeyote. Alikuja kuuza tu.

Ndipo alipomwona Maganga akishuka.

Miaka miwili! Aliondoka na shuka moja na msumeno wa marehemu baba yake, akaenda kutafuta dhahabu Geita. Sasa alivaa suruali ya kaki, kizibao cheusi, kofia ya pama, na viatu vilivyolia kila hatua. Mwanzoni aliandika kila mwezi. "Roho yangu," aliandika, "usipokee posa ya mtu." Zuleha hakupokea, zilikuja mbili, akazikataa zote. Halafu barua zikakoma. Miezi minane, kimya.

"Maganga!" aliita.

Hakugeuka.

"Maganga, wee!"

Mara ya tatu aliita kwa sauti iliyomgeuza hata askari wa stesheni. Maganga alipita mbele yake, kichwa kimelala kidogo upande, shingo kavu kama mti, akaenda zake.

"Dada," mchukuzi mmoja alisema, "shingo ile imekuwa ya dhahabu. Haigeuzwi bure."

Watu wakacheka. Zuleha naye akacheka, maana angefanya nini? Aliuza vitumbua vyote bila kujua anamuuzia nani, na alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kula kiapo cha kulipiza.

Siku zile ngoma za mjini zilishindana kila Idi, na ya akina mama iliongozwa na Bi Mwanne, mjane mnene wa Tabora. Ngoma yake ilisifika kwa mchezo mmoja. Mwanamke alivaa nguo za kiume, akamwiga mtu wa mjini bila kumtaja jina. Watu wakimtambua yule anayeigwa, yeye ana njia mbili: aingie uwanjani acheze kando ya anayemwiga, au akimbie. Akikimbia, jina alilobandikwa siku hiyo halimtoki. Karani mmoja alikimbia, akaitwa Bwana Kupe, na hata jeneza lake lilipopita watu walisema, "Kupe anakwenda kuzikwa."

"Shikamoo, Bi Mwanne. Mchezo wa Idi hii naomba uwe wangu."

"Marahaba. Unamtaka nani?"

"Maganga."

"Umwige au umwue?"

"Kama upo mchezo unaoua, nifundishe huo."

Bi Mwanne alimvuta karibu. "Basi acha uso. Uso ni mwongo. Mtu anakaa kwenye nyayo. Mfuate, tazama anavyokanyaga, kisha uniletee miguu yake."

Wiki nzima Zuleha alimfuata Maganga, kanga imemfunika mpaka puani. Aliporudi uani kwa Bi Mwanne alivaa suruali ya kuazima, akatoa kifua, akainua kidevu, akapita huku na huku. Shoga yake Tabu, aliyeshika kigoma, alicheka mpaka akakaa chini. Bi Mwanne hakucheka.

"Huyo ni jogoo, si Maganga. Mwenye maringo hutupa jicho la wizi aone kama anatazamwa. Wako anatazama wapi?"

"Hatazami mtu. Barabara nzima tupu, yeye anajibana ukutani."

"Ukuta uko mkono gani?"

Zuleha alifikiri. "Wa kulia. Siku zote wa kulia."

"Ujenge, basi. Fumba macho, panga tofali juu ya tofali mpaka baridi yake uisikie begani. Kisha tembea."

Siku ya kwanza ukuta uliporomoka kila alipopiga hatua. Ya pili bega lilianza kuuamini. Ya tatu, shingo ililala yenyewe upande wa kushoto, hatua zikapungua kwenye kona, na nyayo zikawa zinaigusa ardhi kama mtu apapasaye kitu gizani. Hayo Zuleha hakuyatia. Yalikuja na ukuta. Alivuka ua akimchukia Maganga kwa kila unyayo, na chuki ilikuwa tamu kama muwa. Amempata! Amemvaa kama kanzu!

"Zuleha!" Bi Mwanne aliita kutoka kulia.

Hakugeuka.

"Ndiye!" Tabu alipiga makofi. "Wallahi ndiye huyo!"

"Umenisikia?" Bi Mwanne aliuliza.

"Nimekusikia. Lakini upande ule hakuna kitu. Upande ule mimi..." Mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe, umeshika sikio la kulia. "Upande ule mimi nimekufa."

Tabu akakiweka kigoma chini.

Kesho yake alimkuta Maganga dukani kwa Mhindi, anachagua misumari. Alisimama kuliani kwake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya mafuta ya nywele zake.

"Mwongo," alisema, wala hakunong'ona. "Mwoga. Mwanamume wa suruali tu. Nimekataa posa mbili kwa ajili yako, mbwa wewe."

Mhindi alitoa macho. Maganga aliinua msumari, akaupima kwa kidole, akautia katika fungu lake. Mikuki yote ya Zuleha ilikuwa imeangukia kwenye nyasi. Akazunguka kushoto.

"Maganga."

Misumari ikamwagika.

Walitoka wakasimama nyuma ya duka. Maganga alizungumza kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Nani kakwambia?"

"Miguu yako."

"Baruti, Zuleha. Utambi uliwahi. Sijafika kwenye ngazi, shimo likalia. Sikio hili lilikufa palepale, na la kushoto linafifia. Hospitali wameniambia halimalizi mwaka."

"Na mikono? Nayo ilikufa usiandike?"

"Nilitaka ukasirike. Mwenye hasira husahau upesi."

"Nani alikudanganya? Mwenye hasira ndiye hasahau!"

"Ningekuletea nini? Mume wa kupigiwa kelele kama ng'ombe?"

"Ungeniletea habari, nikaamua mwenyewe. Ulikaa huko ukanichagulia. Kukataa ukakataa wewe, machozi nikamwaga mimi."

"Nisamehe, mpenzi."

"Idi Mosi uje uwanjani. Simama mbele."

Maganga alirudi nyuma hatua moja. "Utanicheza kiziwi?"

"Njoo uone."

Siku ya Idi uwanja ulijaa kanzu nyeupe na kanga zilizonukia karafuu. Zuleha alitokea na suruali ya kaki, kizibao, pama. Hakuonyesha uso. Alitembea tu, na ukuta wake ukatembea naye.

"Maganga! Yule wa Geita!" watu walipiga kelele. "Shingo ya Dhahabu!" Kicheko kikapita kama upepo katika mtama.

Akawaacha wacheke. Kisha akashuka ngazi isiyokuwapo, mkono baada ya mkono. Akapiga mwamba. Akawasha utambi, akageuka, akakimbia, mguu ukiwa bado hewani Tabu akapiga pigo moja la ngoma, na Zuleha akaanguka kama gunia. Alipoinuka alishika sikio. Kicheko kilikufa safu baada ya safu. Mchukuzi wa stesheni alivua kofia.

Watu walidhani mchezo umekwisha. Kumbe kisasi kilikuwa hakijaanza. Zuleha aliketi, akatandaza karatasi ya hewa juu ya goti, akaandika neno moja, akalichana. Akaandika tena, akachana. Mara nane. Kila mara mgongo ulipinda zaidi, mpaka yule mwanamume wa pama akawa mdogo kama kitu kilichosahauliwa jikoni. Hapo akina mama ndipo walipoelewa.

"Aa! Kumbe si sikio," mmoja alisema. "Ni woga!"

Macho yote yakamgeukia Maganga. Aligeuka kutazama. Nyuma yake njia ilikuwa wazi. Akavua viatu, akaviacha vumbini, akaingia uwanjani.

Hakuupata mdundo. Zuleha alikanyaga chini kwa nguvu, tena na tena, mpaka mshindo ukampanda Maganga kwa nyayo, na wakacheza bega kwa bega.

"Jumatatu naleta posa kwa mjomba wako!" Alidhani ananong'ona. Uwanja mzima ulisikia, ukapiga vigelegele.

"Lete," Zuleha alimjibu kwenye sikio la kushoto. "Nami nitakunyamazia miezi minane. Uionje."

"Zuleha..."

"Minane. Siku moja haipungui."

Bi Mwanne alimvuta kando. "Mwanangu, umekwisha shinda. Sikio la mtu halikungoji."

"Wala mimi sikungojwa."

Posa ililetwa, mjomba akasema jibu litakuja. Kila Ijumaa baada ya sala Maganga alikuja barazani na kanzu iliyopigwa pasi, akaketi. Zuleha alipita na birika, bangili zikilia, hasemi neno. Miezi ya kwanza Maganga aligeuka kila bangili zilipolia, akatabasamu peke yake. Mwezi wa sita wa kimya kile aliacha kugeuka. Zuleha aliona. Moyo ulimwambia, ita. Kiapo kikamwambia, bado miwili. Akapita.

Siku ilipotimia alijifunga kanga ya manjano, akatoka barazani, akaketi kushoto kwake.

"Nimekubali," alisema.

Maganga aliitazama midomo yake, akatabasamu kwa adabu.

"Nimekubali, mpenzi! Nimekubali!" Jirani alichungulia mlangoni.

Maganga aligusa sikio la kushoto, akatikisa kichwa. "Liliondoka mwezi wa sita," alisema. "Nilitumaini utaniita kabla."

Zuleha hakulia. Alikaa na kisasi chake mapajani kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Minane kwa minane, ilikuwa imetimia bila kasoro, na hakuna wa kumrudishia hata siku moja.

Kisha akainuka. Alikwenda mpaka mwisho wa baraza, akafumba macho kama alipojenga ukuta, akaweka shangazi mmoja kulia na mmoja kushoto, akaweka nyumba mbele yake na mlango uliofunguliwa. Akajitanda kanga mpaka kwenye paji. Hatua zikafupika zenyewe, visigino vikawa vizito, mabega yakashuka kwa haya ambayo hakuwahi kuwa nayo maisha yake yote. Akaanza kuja.

Maganga alitazama nyayo, akatazama mabega, akafika kwenye uso ulioinama. Akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, akasogea, akamwachia bibi harusi nafasi kwenye mkeka.